Ekzosi Isiyo na Kava

Mume wangu alitoka asubuhi na pikipiki isiyosumbua mtu, akarudi saa saba mchana na kelele. Pikipiki ilikuwa ileile. Alichobadilisha ni ekzosi, lile bomba la moshi la upande wa kulia. Mimi nilikuwa naanika nguo kwenye korido ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, huku nyuma ya Jogoo Road, na nilimsikia kabla hajakata kona. Mtoto wa jirani aliyekuwa amelala akaamka akilia.

"Sikia hiyo," akaniambia, akizungusha mkono wa mafuta ili ingurume zaidi.

"Nimesikia. Zima."

"Hata hujauliza nimeitoa wapi."

"Zima kwanza, nitauliza."

Nilijua wazo limetoka wapi. Yeye hubeba abiria, na wenzake wa stejini, pale wanaposubiri abiria, walikuwa wamemkalia kwa wiki kadhaa. "Buda, hiyo ni pikipiki ama cherehani?" "Ukipita hapa wamama wanaleta nguo zishonwe." Alikuwa akinisimulia jioni, na nilicheka. Siwezi kusema sikucheka.

Ekzosi iliyokuja na pikipiki ilikuwa ndefu, inang'aa, na ubavuni ilikuwa na kava: bati lenye matundu, limefungwa kwa skrubu, la kuzuia mguu usiguse bomba lenyewe. Hii mpya ilikuwa fupi, nyeusi, mdomo mpana, wala haikuwa na kava.

"Kava iko wapi?"

"Za mashindano huwa hazina."

"Na wewe unashindana na nani? Lori la takataka?"

Akacheka. Ile ya zamani aliiacha kwa fundi huko Gikomba, maana ndivyo kule kulivyo: kitu kikitolewa kinabaki kwa fundi, na ukitaka kuondoka nacho anakuangalia kana kwamba umemwita mwizi. Tuligombana mpaka chakula kikapoa, lakini nataka niseme ukweli, tuligombana juu ya kelele. Kava niliitaja mara ile moja tu. Mguu wa mtoto haukunijia kabisa.

Binti yetu ana miaka mitano na babake ndiye humpeleka shule. Pikipiki hulala koridoni, stendi imeilaza upande wa kushoto karibu na ukuta, kwa hivyo mtu anapanda kutoka kulia. Pahali pa abiria pa kuweka mguu ni juu sana kwa mtoto. Yeye alikuwa na njia yake: anakanyaga ile kava kama ngazi, kisha anafika juu, kisha kiti. Kwa kiatu, hata injini ikiwa imeshapashwa moto, haikuwa na shida. Alikuwa amepanda hivyo mwaka mzima.

Asubuhi iliyofuata babake akaketi, akawasha, akawa anaifunga helmeti huku injini ikinguruma. Mimi nilikuwa mlangoni na mkebe wa chakula mkononi. Nikamwona mtoto akiinua mguu. Kiatu kikateleza kwenye lile bomba la mviringo, mguu ukashuka, na sehemu ya nyuma, hapo chini ya goti ambapo soksi ilikuwa imeporomoka, ikalala kwenye chuma.

Niliona mdomo wake umefunguka. Sikusikia kitu. Babake, aliyekuwa ameketi mbele yake, hata urefu wa mkono haukuwatenganisha, yeye pia hakusikia kitu kwa kelele ya ile ekzosi. Alikuwa bado anahangaika na kamba ya helmeti. Mpaka leo nikikasirika, huwa nakasirikia hapo.

Nilimng'oa. Kipande cha ngozi kilibaki kwenye bomba.

Ploti nzima ikatoka. Wa kwanza alikuja na dawa ya meno ameshaifungua. Mwingine alikuwa na yai.

"Mpake hii, mama, haitafura."

"Msimguse."

Maji kwetu hufunguliwa siku mbili kwa wiki, na siku hiyo haikuwa mojawapo. Nilikuwa na mtungi mmoja wa lita ishirini, wa kupika na kunywa. Nilimkalisha kwenye stuli nikamimina kikombe baada ya kikombe, polepole, juu ya ule mguu. Hilo nilifundishwa shule na ni moja ya vitu vichache vya shule nimewahi kutumia.

"Ai, unayamwaga yote?" jirani wa yai akauliza. "Na mtakunywa nini?"

"Tutakunywa hilo yai."

Nilimimina mpaka mtungi ukaisha, na yule wa dawa ya meno akaenda akaleta mtungi wake.

Kwenye foleni ya kliniki mume wangu alikuwa ameanza kupata sauti. Mwanaume akiogopa hutafuta wa kuuliza. Akainama kwa mtoto.

"Na ni nani alikwambia ukanyage hapo?"

Mtoto hakufikiria. "Ni mama."

Ni mimi. Mwaka jana, wiki ya kwanza ya shule, nilichoka kumwinua kila asubuhi mgongo ukiniuma, nikamshika mkono nikamwonyesha: kanyaga hapa, shika hapa, ruka. Tulirudia mara nne. Nikampigia makofi alipoweza. Mume wangu aliniangalia, na nilimchukia zaidi kwa kuniangalia hivyo. Muuguzi alipoufunua mguu aliuliza kitu kimoja tu: "Ekzosi?" Tukasema ndiyo. Akasema maji yamesaidia, kovu litabaki.

Kutoka hapo nilitaka kitu kimoja, ekzosi ya zamani na kava yake, kabla haijakatwa vipande. Nilimwambia babake: ile isiporudi, huyu hapandi tena hiyo pikipiki, na mimi pia sipandi. Hakubishana. Tulienda Gikomba mchana huohuo, yeye na pikipiki, mimi kwa matatu, mtoto tukamwachia jirani wa dawa ya meno.

Fundi alikuwa anakunywa chai.

"Madam, ile si imeshaingia kazini," akasema. "Kuna mtu anakuja kuichukua jioni."

"Iko wapi?"

Ilikuwa imening'inizwa kwa waya, nzima, lakini uchi.

"Na kava?"

"Kava gani?"

Nikaangalia jiko lake. Sufuria ya chai ilikuwa imekaa juu ya bati lenye matundu, limeshaanza kuwa jeusi. Niliitoa sufuria, nikaiweka chini, nikachukua tambara lake nikaliinua lile bati.

"Hiyo ni stendi yangu, mathe!"

"Hii ni ngozi ya mtoto wangu. Ifunge."

Akamwangalia mume wangu. Mume wangu akamwambia, "Fundi, ifunge tu." Akairudisha ekzosi ya zamani kwenye pikipiki, kava akaifunga kwa skrubu mbili badala ya tatu, nikasimama pale mpaka akatafuta ya tatu.

Stejini wanasema cherehani imerudi. Yeye huwaambia eti amechoka kuogopwa. Siku hizi huisukuma pikipiki mpaka nje ya geti kabla ya kuwasha, ili mtoto apande kutoka kushoto, yeye akimvuta mkono. Tumemfundisha upya, mara nne na zaidi. Anajua. Lakini akifika hapo anasimama, mguu wenye kovu nyuma ya ule mwingine, anauliza, "Mama, uko huko?"

Nazunguka, nasimama upande wa kulia, mguu wangu karibu na kava. Namwambia niko. Hapo ndipo anapanda.