Neno la Siri Lililoandikwa kwa Mkaa

Jirani yangu Mwatumu, muuza machungwa wa hapa Kabuku, ana ugonjwa mmoja: hajui kumnyima mtu. Siku ya arobaini ya mumewe, Mhina, wageni wa kutoka Sindeni walimwomba waifai. Akachukua mkaa, akaandika neno la siri kwenye ukuta wa baraza, kwa herufi kubwa: jina la marehemu na mwaka aliozaliwa. Wageni wakaondoka, neno likabaki. Nikamwambia alifute. Akasema kulifuta ni kumzika Mhina mara ya pili, tena majirani watamwona mchoyo. Nikaliacha, maana hata mimi nilikuwa nikilitumia bure.

Sebuleni alikuwa na spika ya intaneti aliyoletewa na bintiye. Akienda barabarani kukimbilia mabasi, spika humsomea Kurani mama yake, Bibi Chausiku, ambaye haoni. Bibi hufunga komeo kwa ndani na hamfungulii mtu ovyo.

Jumanne moja, saa nane mchana, nilimpelekea Bibi kisamvu. Nikakuta mlango wa nyuma uko wazi, naye amesimama kizingitini, kanga imemdondoka begani. Mahindi nyuma ya nyumba yalikuwa yanatikisika, na upepo haukuwepo.

"Mama Asnath, ni wewe?" akaniuliza. "Kurani ilikatika. Sauti ya mwanamume ikatoka mle mle kwenye spika. Ikasema Mwatumu kagongwa na basi, nifungue mlango wa nyuma nipelekwe hospitali."

Mwatumu alikuwa mzima, yuko na machungwa yake. Nyumbani hakikupotea hata kijiko, na hilo ndilo lililotutia hofu zaidi. Mwenye sauti ile alimtaka bibi kizee asiyeona kwa kazi gani? Tangu hapo Mwatumu hakwenda tena barabarani, wala hakula.

Alhamisi tukamwita Valerian, fundi simu wa pale stendi, mtu mzima mwenye maneno machache. Akatusemesha barazani kwa sauti ya chini, Bibi akiwa amelala chumbani.

"Mwenye paswedi hii, hata akisimama kule kwenye mahindi, anaingia kwenye mtandao wenu na kutuma sauti anayotaka kwenye spika," alisema. "Nyie mmemtundikia mwizi ufunguo ukutani."

Niliona aibu. Nikachukua kitambaa na maji, nikasugua jina la Mhina mpaka likatoka, huku Mwatumu akilia. Machozi hayakumwacha aone kioo cha simu, kwa hiyo fundi akabuni neno jipya mwenyewe, akaliingiza, akaliandika kwenye kikaratasi, akampa. Spika ikaanza tena kusoma. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Bibi alikuwa ameamka. Fundi, kwa kuaga, akasogea dirishani kwake.

"Shikamoo, bibi. Sasa mko salama."

Bibi hakuitikia. Miaka yote niliyomjua, hajawahi kuacha shikamoo ya mtu bila marahaba, hata ya mlevi. Fundi akasubiri kidogo, akaondoka taratibu kuelekea barabarani.

Tuliingia chumbani. Bibi akamshika Mwatumu kiganja kwa nguvu.

"Ndiye yule," akasema.

Mwatumu akatazama kile kikaratasi chenye mwandiko wa fundi. Mimi nikakimbilia sebuleni kuchomoa waya wa spika. Kabla sijaufikia, Kurani ikakatika.