Kimya cha Kompyuta ya Kerende

Bushiri alianza na redio kama baba yake, akaja kwenye simu, akaishia kwenye kompyuta, lakini kibao cha duka lake karibu na stendi ya Tarime kiliendelea kusema REDIO NA PASI. Maneno yake yalikuwa machache. Mteja aliweza kueleza ugonjwa wa mashine dakika kumi, naye akajibu, "Iache," basi. Majirani hawakujua kwamba asubuhi, kabla ya wateja, alisoma barua pepe za watu wa mbali wanaotengeneza kiini cha mfumo wa bure wa kompyuta, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vyuma vyenyewe.

Kompyuta iliyomtia matatani ilikuwa ya zahanati ndogo ya mtu binafsi kule Kerende. Dhahabu ilishawapagawisha watu; karasha za kusagia mawe zilifika hadi ukutani mwa chumba cha wajawazito, na nesi Wegesa hakusikia tena chochote kwa kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Wakanunua kifaa cha kunasia mapigo ya moyo huo, cha kuchomeka kwenye kompyuta, pamoja na vipokea sauti vya kuziba masikio. Kompyuta aliitafuta Bushiri, ya mtumba, na ule mfumo wa bure akauweka yeye.

Ilifanya kazi, ila mara moja moja ilikwama. Kwa sekunde moja au mbili kila kitu kilisimama na sauti ikakatika, kisha ikaendelea kama kawaida. Wegesa alipiga simu amefadhaika: alishapakia wanawake wawili kwenye bodaboda hadi Tarime, na watoto wao wamekutwa wazima kabisa.

"Hiyo ni kompyuta, nesi," Bushiri alimwambia. "Ikinyamaza, hesabu mpaka tatu. Itarudi."

Wegesa akazoea kuhesabu. Mwezi wa pili akaja Mogesi, mimba ya kwanza, miezi minane. Mapigo yalikatika, Wegesa akahesabu, yakarudi, na Mogesi akaenda zake nyumbani. Siku ya tatu alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Hakuna aliyemlaumu fundi. Alijilaumu mwenyewe, na ilimuuma kuliko alivyoweza kumweleza mtu.

Aliichukua kompyuta akaipekua wiki nzima. Ubovu ulikuwa kwenye chipu ya usalama, kidude kinachotunza funguo za siri za mashine na kukipa kiini namba zisizobashirika za kutengenezea funguo nyingine. Programu iliyomo ndani ya chipu hiyo ilikuwa na kasoro: kiini kikiomba namba, safari nyingine chipu ilisitasita, na mashine nzima ikasimama kuisubiri. Tatizo lilishajulikana. Watengenezaji wa kiini walikuwa na orodha ya matoleo mabovu ya programu ile, ambayo hayaombwi namba. Lakini toleo la kompyuta ya Kerende lilikuwa jipya, na kiwanda cha chipu kilisema hilo limesharekebishwa.

Bushiri akawaandikia watengenezaji wa kiini kwamba bado ni bovu. Mmoja wao akamjibu kwa adabu kwamba huko machimboni umeme ni wa jenereta na vumbi ni jingi, pengine atazame huko kwanza. Akasoma jibu hilo mara tatu, akakasirika, lakini hakuwa na ushahidi wa kulipinga.

Njia aliitoa Wegesa. Baba yake, mzee Machage, alifuga ng'ombe kijijini Mbalibali, mbali na karasha.

"Nenda kwa tata," alisema. "Sisi ng'ombe akikohoa hatubishani. Tunampeleka malisho mengine, peke yake. Akikohoa na huko, tunajua ugonjwa ni wake."

Bushiri akaisafisha kompyuta vumbi lote, akapanda pikipiki. Alikaa kwa Machage siku nne, akiiendesha kwa betri ya sola peke yake, asiifanyishe kazi yoyote ila kupiga sauti moja na kuandika kila ilipokatika. Mzee alimwonea huruma mtu mzima kukaa hivyo.

"Imekohoa?" aliuliza kila alipopita na ndama wake.

"Imekohoa, mzee."

Siku mbili za kwanza kiini kiliachwa kiombe namba kwa chipu, na mashine ikakwama mara kumi na tisa. Siku mbili za mwisho alikizuia. Haikukwama hata mara moja.

Alituma yote, saa kwa dakika. Kumbe na wengine walishaanza kulalamika kutoka nchi nyingine. Baada ya wiki kadhaa watengenezaji waliachana na orodha yao: kiini kisiombe tena namba kwa chipu za aina ile, toleo liwe jipya au la zamani, kwa kuwa namba hizo zinapatikana kwingine. Yalikuwa mabadiliko ya mistari michache, na chini yake jina la Bushiri kama mtoa taarifa. Aliweka kiini kipya kwenye kompyuta ya Kerende, na kwenye kioo chake akaongeza saa kubwa ya sekunde, inayosimama mashine ikikwama.

"Sasa usihesabu," alimwambia Wegesa. "Ukisikia kimya na saa inatembea, sio mashine."

Mwaka uliofuata Mogesi alirudi na mimba ya pili. Mapigo yakasuasua, yakapotea. Wegesa alikiri baadaye kwamba midomo ilishaanza yenyewe: moja, mbili. Kisha akatazama saa, akakuta sekunde zinatembea. Hakufika tatu. Alikimbia nje, akaomba gari la mwenye karasha. Mtoto alitolewa Tarime kwa upasuaji, wa kike, mzima.

Miezi mitatu baadaye Mogesi aliingia dukani, mtoto mgongoni. Bushiri alidhani amekuja kushukuru, akaanza kuona aibu.

"Fundi," alisema Mogesi, "yule wa kwanza. Ilinyamaza mashine, au alinyamaza yeye?"

Mashine haikuwa imetunza chochote cha siku ile. Bushiri alishatafuta mara nyingi.

"Sijui," alisema. "Ila mimi ndiye niliyemwambia nesi ahesabu."

"Nesi alishaniambia," Mogesi akasema. "Nilitaka nisikie kwako."

Akakaza kitenge cha mtoto, akaaga, akaenda kupanda gari la Kerende.