Saba ya Mwalimu Wino

Ulikuwa mwaka ule alioolewa binti yake wa pili. Hapana, nisidanganye watu. Binti alikuwa bado nyumbani, maana ndiye aliyekuwa akimcheka baba yake kwa kunakili masomo ya kompyuta kwa kalamu ya wino. Basi ni mwaka mmoja kabla ya harusi, na mwalimu mwenyewe alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu.

Alifundisha hesabu, na wanafunzi walimwita Wino. Walimwita hivyo kisirisiri wakidhani hajui. Alijua. Kidole chake cha kati kilikuwa na doa la bluu lisilosikia sabuni, na mkewe, fundi cherehani, alikuwa amechoka kufua mifuko ya mashati yake mpaka akaamua kumshonea mfuko mweusi kwenye kila shati, hata lile jeupe la sherehe.

Daftari lake la darasa ungeweza kulitundika ukutani. Wasichana juu, wavulana chini, kila mmoja na namba yake, wala hapana mahali palipofutwa. Namba hizo ndizo alizowaitia watoto. "Namba saba, njoo ubaoni." "Namba thelathini, nani kakwambia nane mara saba ni hamsini na nne?" Mtoto aliipata namba yake darasa la nne, akatembea nayo mpaka anamaliza shule.

Mwaka huo ukaja mfumo. Alama zote za darasa la mwisho ziingizwe kwenye kompyuta, zifike ofisi ya elimu, na theluthi ya matokeo ya mtoto itoke humo. Ijumaa saa sita kamili mchana mfumo ungejifunga wenyewe. Utakachokuwa umeandika ndicho hicho. Hakuna kuja Jumatatu kusema samahani.

Shule ilikuwa na kompyuta nne, zimepangwa juu ya madawati ya darasa la kwanza ndani ya stoo ya vitabu, kwa hiyo mwalimu akiketi pale magoti yanakaribia kidevu. Mwalimu mkuu alimteua mwalimu wa sayansi awafundishe wenzake. Binti mdogo, mwaka wa tatu kazini, tena aliyesoma shule hiyo hiyo na kufundishwa hesabu na Wino huyo huyo. Kompyuta aliijua kama mkoba wake. Kasoro yake moja, alikuwa na mkono mwepesi. Ukiuliza, "Hapa nabofya wapi?" hujamaliza ameshakunyang'anya kipanya, pa, pa, pa, "Si umeona?" Na wewe unasema umeona.

Wote walisema wameona. Mwalimu wa michezo, waliyemwita Filimbi, alisema ameona kabla kompyuta haijawashwa.

Wino aliketi nyuma akajaza kurasa tano. Hakuuliza swali hata moja. Angeanzaje? Mtoto aliyekuwa akilia darasa la tatu kwa sababu nane yake inaanguka, leo yeye ndiye amuulize kitufe kiko wapi?

Jumatano na Alhamisi, wenzake walipokwenda kula, alijifungia stoo akaandika kwa kidole kimoja. Ili macho yasimchanganye aliegemeza rula kwenye kioo, kama alivyozoea kufanya daftarini, akashuka nayo: mstari wa kwanza namba moja, wa pili namba mbili. Wanafunzi arobaini na wawili, kila mmoja na alama yake. Alipoingiza ya mwisho shati lilikuwa limemganda mgongoni. Nyumbani akamwambia bintiye, "Haya, sasa cheka."

Ijumaa saa nne na nusu alimwita mwalimu wa sayansi stoo. Si kuomba msaada; alitaka kumwonyesha.

"Mwalimu! Zote umeingiza mwenyewe?"

"Zote."

"Kimya kimya hivyo! Hebu nione." Akainama anatabasamu. Akashuka na majina, na tabasamu nalo likashuka. "Mwalimu, kiranja wa darasa ana ishirini na tatu?"

"Kiranja ana tisini na moja."

"Hapa ana ishirini na tatu. Tisini na moja anayo yule anayelala dirishani."

"Haiwezekani. Hiyo tisini na moja iko mstari wa saba, na kiranja ndiye namba saba."

Yule binti akaanza taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba. "Mwalimu, mashine haikufuata daftari lako. Imewachanganya wasichana na wavulana, ikawapanga kwa alfabeti. Saba ya hapa siyo saba yako."

Wino akakitazama kioo bila rula. Majina yalikuwa pale pale muda wote. Siku mbili hakuyatazama, na ayatazame ya nini, wakati namba alizijua kuliko nyumba za mtaa wake? Watoto arobaini na wawili, karibu kila mmoja kavishwa shati la mwenzake, na ilibaki saa moja na nusu wazikwe nalo.

Filimbi alikuwa kwenye kompyuta ya jirani akitafuta habari za mpira. "Mpishe binti akae, mzee. Nusu saa tu kamaliza. Wewe nenda kanywe maji."

Mkono wa mwalimu wa sayansi ulikuwa umeshafika kwenye kipanya. Wino hakuinuka.

"Soma hapa," akamwambia, akimsogezea daftari.

"Saba... sabini na saba?"

"Kumi na saba. Moja yangu ina kofia. Utaandika mwandiko usioujua, kwa haraka?"

"Basi unisomee, mimi niandike."

"Na muhula ujao?" Wino alimtazama. "Mwanangu, nane ulijifunzaje?"

"Uliniambia nichore mayai mawili, moja juu ya jingine."

"Nilikushika mkono?"

"Hukunishika. Ulisimama umefunga mikono nyuma. Nikalia mpaka ikasimama."

Mwalimu wa sayansi akauondoa mkono kwenye kipanya, akaketi kwenye dawati la pembeni, na mikono yote miwili akaikalia.

"Nakusomea majina," akasema. "Wewe andika."

Akasoma la kwanza. Wino akasema, "Namba ishirini na tisa," kidole kikaenda moja kwa moja daftarini, akaandika. La pili. "Namba nne." Akaandika, kisha akaanza kukitafuta kipanya.

"Achana nacho. Bonyeza kishale cha chini."

"Kishale kipi?"

"Kinachotazama chini."

Akabonyeza. Ikashuka yenyewe. "Mbona siku ile hukusema?"

"Siku ile nilionyesha."

"Ulionyesha mkono wako."

Nyuma yao Filimbi akauliza taratibu, "Kumbe kuna kishale?"

Saa tano walikuwa wamefika kumi na wawili. Saa tano na nusu, ishirini na wanane. Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni. "Hesabu tayari?"

"Tunakagua," akasema mwalimu wa sayansi bila kugeuka. Masikio yalimwiva kwa uongo huo.

Saa sita kasoro robo wakakwama.

"Huyu na anayemfuata wana jina moja," akasema, "na jina la baba ni moja. Tofauti ni jina la babu."

Wino akatazama daftari. Namba kumi na moja na namba kumi na mbili, jina lile lile mara mbili. Mbele ya la kwanza alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Mrefu. Mbele ya la pili: Mfupi.

Filimbi akachungulia. "Mzee, mashine hii haina futi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa na themanini na nane, mwenzake arobaini na mmoja. Babu zao Wino hakuwajua hata kwa kusikia.

Akatoka mbio. Watu waliomfahamu miaka ishirini hawakuwahi kumwona akikimbia. Mpishi wa shule aliweka sufuria chini ajue kuna nini. Akaingia darasani akihema.

"Namba kumi na moja na namba kumi na mbili, simameni!"

Wasichana wawili wakasimama, na Wino akaduwaa. Yule Mrefu wake wa daftarini alikuwa ndiye mfupi. Mfupi alikuwa amevuta kimo tangu darasa la nne, kampita mwenzake kichwa kizima, na Wino kila siku alikuwa akiwasahihishia bila kuona.

"Babu yako anaitwa nani?"

"Babu," akajibu kumi na moja.

"Jina lake, mwanangu!"

"Sisi nyumbani tunamwita Babu tu, Mwalimu."

Darasa likacheka. Wino akamgeukia mwenzake. Yule akalitaja jina la babu yake bila kusita. Lilitosha, likijulikana moja, la pili limejitaja.

Alirudi stoo saa sita kasoro dakika sita. Akaandika kwa pupa. Themanini na nane ikatoka na nane tatu. Kisanduku kikageuka chekundu.

"Imekataa! Imekataa!"

"Futa moja. Kitufe cha juu kulia, chenye mshale unaotazama kushoto." Sauti ilikuwa tulivu, ila dawati alilokalia lilikuwa linatikisika. "Hicho. Mara moja tu."

Akafuta. Akaandika waliobaki wawili. Akabofya Hifadhi, na kiduara kikaanza kuzunguka. Watatu wakakikodolea macho kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa. Kikazunguka, kikazunguka. Saa sita kasoro dakika mbili likatokea neno: Imehifadhiwa.

"Nisomee kiranja," akasema Wino.

"Tisini na moja."

"Anayelala dirishani?"

"Kumi na saba. Yenye kofia."

Muhula uliofuata Wino ndiye aliyemfundisha Filimbi, na baadaye walimu wa shule ya jirani, Jumamosi mbili nzima. Alisimama nyuma ya mtu, mikono kaifunga mgongoni, na hata mtu akitokwa jasho hakumshikia kipanya. Mwalimu wa sayansi naye akajifunza kukalia mikono. Darasani Wino akaanza kuwaita watoto kwa majina, ingawa wiki za mwanzo kila jina lilitanguliwa na "Namba..." kisha anakohoa.

Ila Ijumaa ile, wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki stoo na daftari lake mapajani. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akipeleka alama ofisi ya elimu kwenye karatasi, namba na alama tu, bila majina, kwa sababu namba zilikuwa zinajulikana. Kule kulikuwa na makarani wenye orodha yao wenyewe. Baadaye alimuuliza mwalimu mkuu, akamwambia apumzike. Aliiandikia ofisi ya elimu barua mbili, kwa wino. Mkaguzi alipokuja alimuuliza ana kwa ana, na mkaguzi akatazama saa yake. Lilikuwa swali dogo tu: wale makarani walipokuwa wakinakili karatasi zangu, saba yangu walimpa nani?