Chumba Kisichoitikia Makofi

Mwanangu, siku ile ningesema hapana, leo nisingekuwa na haya ya kukuandikia. Nilisema, "Sawa Mzee, lete." Nakumbuka hata mahali niliposimama: chumba cha nyuma cha nyumba moja kule Muthangari, saa tano asubuhi, jua limejaa madirishani, na bado vinyweleo vimenisimama.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne zamani, kazi ya ofisi nikaikosa, nikaajiriwa kuhamisha watu nyumba. Tajiri wetu alikuwa Bwana Yusuf, Mhindi mzaliwa wa Ngara, mwenye malori mawili na ofisi ya chumba kimoja River Road. Nilifanya kazi na mdogo wangu Karanja, na sifa yetu mjini ilikuwa kwamba hatuachi kitu nyuma, hata kijiko.

Bwana Yusuf ndiye aliyenifundisha makofi. Ukimaliza kutoa vitu, ingia kila chumba, piga kofi moja. Chumba kitupu huitikia. Kisipoitikia, rudi utafute, kuna kitu umesahau. Na alinifundisha jambo la pili kwa kunikemea mbele ya wenzangu, siku nilipoleta droo yenye bastola ya mteja ndani.

"Bunduki inabebwa na mtu mwenye cheti yake," alisema. "Sisi tunabeba vitanda na sufuria. Ukiona bunduki, weka kamba chini, nipigie simu. Na kama inavuka mpaka, polisi wa hapa wajue, na wa kule pia wajue. Umenisikia, kijana?"

Nilimsikia. Hilo lazima nilikiri mapema, usije ukadhani sikujua.

Mteja wa Muthangari alikuwa Mzee Mbugua, mjane aliyekuwa akihamia Arusha kwa binti yake. Nyumba tuliimaliza mapema. Nikaanza kuzunguka na makofi yangu. Sebule ikaitikia, jikoni pakaitikia. Karanja alikuwa sebuleni akikunja mablanketi, akaniangulia kicheko.

"Bro, unapigia nani makofi? Mheshimiwa bado hajafika!"

Nikaingia chumba cha nyuma. Sakafu tupu, kuta tupu, hata pazia hakuna. Nikapiga kofi. Kimya. Si kwamba mwangwi ulikuwa mdogo. Haukuwepo kabisa, kama niliyepiga kofi ndani ya gunia la pamba. Nikapiga tena. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe tu.

Nilipogeuka, Mzee Mbugua alikuwa mlangoni. Sikuwa nimesikia hatua zake.

"Marehemu mke wangu alikuwa anasema hiki chumba ni kiziwi," akasema. Akapita mbele yangu, akasukuma ubao wa ukutani ambao nilidhani ni ukuta, na kabati likafunguka. Ndani mlikuwa na bunduki ndefu ya shambani, imesimama peke yake gizani kama mtu anayesubiri kuitwa. Chini yake risasi, zimefungwa kwa kitambaa.

Alinieleza bila kunificha. Cheti chake kilikuwa halali, lakini kilikuwa cha Kenya. Ili kuvuka mpaka wa Namanga alihitaji kibali cha hapa na cha kule, na askari walikuwa wamemshauri aiache kwenye ghala lao hadi karatasi zitimie. Hakutaka. Alikuwa akilala nayo karibu tangu mkewe afariki.

"Funga kwa zulia," akaniambia. "Nani atakunjua zulia? Ama sasa ni wewe utaacha kitu nyuma?"

Hapo ndipo aliponipata, mwanangu. Si kwa vitisho. Aligusa ile sifa yangu.

"Iko na risasi ndani?" nikauliza.

"Haina kitu. Nimetoa mwenyewe."

Sikumwambia anionyeshe. Sikujua jinsi ya kukagua bunduki, na niliona aibu mzee ajue kwamba sijui. Zile risasi zilizofungwa kwa kitambaa nikazitia ndani ya mkebe wa majani chai, nikajiona mwerevu kwa kuzitenga. Bunduki nikaizungushia blanketi, kisha zulia, nikakaza kamba kwa mikono yangu. Tukaibeba hadi lorini, mzee na mimi.

Nikarudi kufunga mlango wa chumba kile. Sijui kwa nini nilipiga kofi tena. Mara hii kiliitikia, lakini si papo hapo. Kilikaa kwanza, kama mtu anayefikiria jibu, halafu kofi likanirudia likiwa kubwa kuliko nililopiga.

Karanja sikumwambia kitu. Alikuwa mtu wa sheria, angeishusha palepale na kumpigia simu Bwana Yusuf.

Lori lilikuwa liondoke kesho yake alfajiri, kwa hiyo tukalipeleka kwetu Waithaka, kwenye uwanja wa mama. Saa tisa mchana Karanja akapanda kuupanga mzigo upya. Hakupenda nilivyoweka magodoro. Mimi nilikuwa mlangoni mwa nyumba na kikombe cha chai alichonipa mama. Nikamwona anashika ncha ya zulia.

"Hii carpet ni nzito aje?" akasema. "Mzee amefunga nani humu ndani?"

Mama akacheka. Karanja akaanza kuivuta kwa ile kamba, zulia likimwelekea kifuani.

Nilikuwa na muda wa kusema. Watu huniambia mambo kama hayo hutokea ghafla, lakini nilikuwa na muda. Nilifikiri: nikipiga kelele, atajua. Nikabaki na kikombe mdomoni. Kamba ikakaza, kitu kikanasa ndani ya blanketi, na ukasikika mlio mmoja, mkavu, kama kofi.

Nakuambia ukweli: kabla sijakimbia, nilisimama nikingoja uitikiwe. Haukuitikiwa. Hata mbwa wa jirani hawakubweka.

Nilifungwa, na ilikuwa haki. Mzee Mbugua naye alifungwa. Mama alikuja kunitembelea akaniuliza swali moja tu: "Ulijua iko humo?" Nikasema ndiyo. Akanipa ndizi alizoniletea, akaenda. Hakuuliza tena hadi alipozikwa. Na hadi leo, kanisani watu wakipiga makofi, mimi mikono yangu hukaa mfukoni. Naogopa kitakachoitikia.

Mwanangu, ukihama na silaha uliyopewa kwa halali, anza na polisi kabla hujaanza na lori. Kama kibali hakijatoka, wewe nenda, yenyewe ibaki. Usimpe mwingine aibebe, na ukiombwa kubeba ya mwingine, kataa, hata kama anayekuomba ana mvi. Neno "haina kitu" usilipokee kwa masikio. Mwenye kujua aifungue uone. Na kama umekosea tayari, sema. Piga kelele, uonekane mjinga, ufukuzwe kazi, lakini sema kabla mtu hajashika kamba.

Mungu akupe nyumba zinazoitikia unapoingia, na ndugu wa kukucheka ndani yake. Mimi nilikuwa naye mmoja. Nilimuua Karanja kwa kusema sawa asubuhi na kunyamaza mchana.