Gari Lenye Jiko Ndani

Katika miaka ya sitini nilikuwa karani wa ofisi moja ya serikali huko Ganjoni, na funguo za ghala la vifaa nilizishika mimi. Idara ilitaka gari la safari ambalo maafisa wangelala ndani wakizuru bara. Yalikuwapo mawili: moja la vitanda vitupu, la pili lina pia jiko la gesi lililojengewa ubavuni. Niliandika ushauri wangu kwa adabu: tuchukue lisilo na jiko, maafisa wabebe seredani ya makaa wapikie nje. Kwetu Mji wa Kale jiko hukaa darini, juu kabisa ya nyumba, mbali na nguo zilizofukizwa udi.

Mkubwa wangu, mdogo kwangu kwa miaka kumi, aliusoma ushauri huo mbele ya makarani wote.

"Mzee wangu, wataka na gari nilijengee dari?"

Walicheka. Lenye jiko likanunuliwa. Katika faili langu aliandika kwamba sifai kupandishwa cheo, kwa kuwa siyaelewi mambo ya kisasa. Kisha akatia saini agizo: seredani isitoke ghalani kwa safari yoyote ya gari lile. Nililibandika nyuma ya mlango wa ghala.

Maafisa wawili walitangulia kulitumia, wakarudi wananuka papa wa kukaanga, wao na magodoro. Zamu ya mkubwa wangu ilipofika, alikuja kwangu kuchukua shuka, na kanzu yake mpya iko mkononi. Siku ya kurudi angepitia moja kwa moja kwenye harusi ya mdogo wake, Makadara.

"Na seredani moja, bwana karani."

Nilimwonyesha nyuma ya mlango. "Agizo hili ni la nani, bwana?"

"Langu. Lisahau."

"Lifute kwa maandishi, bwana, na sababu uitaje. Nakala nitaitia katika faili langu."

Alichukua shuka zake, akaenda bila seredani.

Cheo sikukipata hadi nilipostaafu, na sikumsamehe. Lakini harusini nami nilialikwa. Tuliketi naye safu moja, watu watatu kati yetu, na hao watatu walikuwa wakisogea upande wangu. Mwenye chetezo cha udi alimfukiza kila mgeni mara moja, akapita. Kwa mkubwa wangu alirudi mara tatu, bila kuulizwa na mtu.