Springi za Pikapu kwenye Gari la Mama Fadhili

Naona aibu hata kuanza, maana mimi ni fundi cherehani, watu wa Mfaranyaki nzima wananijua kwa kupima, halafu kilichoniumbua mbele ya harusi ya watu ni kupima huko huko.

Gari alilitumia marehemu mume wangu, na tangu aondoke mwaka juzi nimelibakiza uani kwa sababu likiwashwa, mlio wake unafanya nyumba iwe kama ina mtu (mwanangu Fadhili yuko Mwanza, anapiga simu Jumapili tukitoka misa, dakika tano basi). Sasa jirani yangu Mama Tuzo akaniomba nimbebe siku ya harusi ya binti yake, akae kwenye gari langu na keki. Mimi, ambaye miezi inapita sijaalikwa hata kwenye ubatizo! Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Shida ni springi za nyuma zilikuwa zimechoka, gari limekaa chini kama kuku anayeatamia. Fundi Komba wa gereji akazifungua, akanipa moja, akasema, "Mama, nenda nayo dukani, walinganishe na hii hii."

Nikaiangalia, chuma kizito kimejaa grisi, nikafikiria bodaboda na gauni langu, nikasema ya nini, nikatoa tepu yangu ya kushonea, nikapima urefu, nikapima upana wa duara, nikahesabu mizunguko, nikaandika kwenye karatasi kama ninavyoandika kiuno na mabega ya mteja, nikaenda na karatasi.

Nikapata za mtumba, vipimo sawasawa kabisa. Fundi Komba akazigeuzageuza.

"Hizi zimetoka gari gani, mama?"

"Pikapu. Lakini nimepima mwenyewe, ni zilezile."

"Naziona nene."

"Wewe funga tu, baba, kesho nina harusi."

Akafunga. Gari likasimama limebinua makalio juu, akasema labda likipata mzigo litashuka, na mimi nikajiambia Mama Tuzo ni mzigo wa kutosha (Mungu anisamehe).

Halikushuka. Tukatoka kanisani kwenda ukumbini Mshangano, matarumbeta mbele, sisi gari la pili, Mama Tuzo nyuma na keki mapajani, na kila kijishimo kinamrusha kama yuko juu ya punda. "Polepole, dada," akasema, na mimi napunguza, lakini tuta la kwanza sikuliona kwa sababu nilikuwa natabasamu na kupungia watu mkono. Gari likaruka, kichwa chake kikagonga juu, na alipotua keki ikatua naye, kifuani, kwenye kitenge nilichomshonea kwa wiki mbili.

Msafara mzima ukasimama. Matarumbeta yakanyamaza, watu wakashuka, simu zikatoka. Mama Tuzo hakunigombeza, afadhali angenigombeza, alijipangusa krimu shingoni akasema tu, "Acha nipande gari la shemeji," akapanda la shemeji, nami nikaendesha peke yangu mwisho wa msafara, siti ya nyuma imejaa keki. Ukumbini nilikaa meza ya karibu na mlango. Viti vitano vitupu.

Jumatatu nikarudi gereji. Fundi Komba akachukua kifaa chake cha kupimia unene wa chuma, akapima ya zamani, akapima ya pikapu, akanionyesha bila kunicheka.

"Urefu uliupatia, mama. Chuma kikiwa kinene hakibonyei, gari linakaa juu. Kwa nini hukwenda dukani na ile niliyokupa?"

Nilitaka kumjibu habari za grisi. Lakini ukweli ni kwamba nimezoea kuamua mambo peke yangu hadi nimesahau kwamba mtu akikwambia jambo, unaweza kumsikiliza. Basi nikaikumbatia ile springi ya zamani kifuani, juu ya gauni langu hilo hilo, nikamwita bodaboda anipeleke dukani. Siku hizi nikiambiwa nibebe, nabeba.