Sakafu Chini ya Twiga Mwekundu

Siku hizi neno ni kuboresha. Soko letu la Majengo hapa Dodoma linaboreshwa kila akija kiongozi mpya, na mwaka huu nimekuta wameboresha hata mwamba uliochorwa na watu ambao babu wa babu zetu hawakuwakuta. Mimi nauza mtama, sina elimu ya mambo ya kale, ila macho ninayo.

Tulikwenda kwa ajili ya mama. Nilipokuwa mdogo, huko kwetu upande wa Kondoa, niliugua homa iliyokataa kila dawa. Bibi akanibeba mgongoni hadi kwenye mwamba wa michoro, mama akifuata nyuma na kibuyu cha togwa. Hapakuwa na njia. Ilikuwa miiba na mavi ya pimbi. Chini ya mchoro wa twiga mwekundu palikuwa na kishimo cha udongo, na bibi akamimina togwa humo. Kwetu ishara ni moja tu: udongo ukinywa, umekubaliwa, togwa ikituama, umekataliwa. Ulikunywa upesi. Mama akatoa neno lake pale pale, kwamba mtoto huyu akiishi mpaka aitwe bibi, yeye mama atarudi mwenyewe kushukuru.

Basi juzijuzi binti yangu kajifungua. Mama naishi naye Nkuhungu, ni mtu wa kanisa, Jumapili hakosi. Alimpakata kitukuu chake, akaniangalia.

"Umeshaitwa bibi," akasema. "Nipeleke nikamalize."

Mtama akaotesha mwenyewe, togwa akapika mwenyewe. Mtama wangu wa dukani aliupepeta upya, eti sisi wa mjini tunauza na mchanga.

Tukafika getini. Geti limepakwa bluu, utadhani zahanati. Ukishaingia unakutana na twiga wa plaiwudi, kachorwa kope ndefu, na usoni katobolewa tundu ili mgeni atoe kichwa chake apigwe picha. Twiga mwenyewe yuko hapo juu, kakaa enzi na enzi, lakini lazima kwanza usalimiane na huyu mpuuzi. Pembeni kuna choo cha vigae vyeupe, kinang'aa kweli, tone la maji hakina. Nani alikaa ofisini akafikiri hivi vyote, na alilipwa kwa kazi gani, sijui.

Halafu ngazi za saruji, zina vyuma vya kushikilia. Mama na magoti yake yale alivishika akapanda taratibu mpaka juu. Siwezi kukataa kwamba vilimsaidia. Nilivichukia zaidi.

Mwongozaji wetu alikuwa dada wa makamo, mpole, sina ugomvi naye. Alimshika mama mkono, akawa anatueleza jinsi mazingira ya mgeni yalivyoboreshwa. Tulipofika chini ya mwamba nikaelewa anasema nini. Wamemwaga sakafu. Kuanzia ukingo wa ngazi hadi ukutani ni saruji tupu, imepigwa lipu laini kama baraza la duka, na benchi juu yake. Twiga yupo, amefifia kidogo, anaitazama sakafu.

Mama akasimama akitafuta kwa macho.

"Hapa palikuwa na kishimo," akasema.

"Kilizibwa, mama," dada akamjibu. "Wageni walikuwa wanajikwaa."

Wageni walikuwa wanajikwaa! Watu waliopanda ndege kuja kuangalia mawe, halafu hawataki kukanyaga udongo. Nilitaka kusema hayo kwa sauti, mama akanizuia kwa mkono. Alipiga magoti palepale alipopakumbuka, akafungua kidumu cha togwa, akasema maneno yake chinichini na jina langu ndani yake, akamimina.

Togwa ilitandaa juu ya saruji. Haikwenda kokote. Mama aliinama akaingoja, uso karibu na sakafu, na mimi nikasimama nimeshika kidumu, nikiomba moyoni walau pawe na ufa. Kazi nyingine zote za nchi hii zinapasuka kabla hazijazinduliwa. Hii ilikuwa imara.

"Mama, samahani," dada akasema, "hapa hapamwagwi kitu, inzi watajaa."

Akaenda kuleta dekio. Alideki vizuri, na mama akatazama mpaka pakakauka. Kisha akanipa mkono nimwinue.

Garini hakulalamika. Nilitukana mimi peke yangu, geti, plaiwudi, choo, mpaka koo likakauka. Tulipokuwa tunaikaribia Dodoma aliupeleka mkono wake kwenye paji la uso wangu, akanigusa kwa nyuma ya kiganja.

"Sina homa, mama."

"Najua," akasema.

Tangu siku hiyo, kila nikirudi kutoka sokoni, kabla hata sijavua viatu, ananigusa hivyohivyo.